Walilinda Maziwa, Wakaacha Wino Ukauke

Nilikuta mashine yangu imefunikwa kitenge cha mama mkwe, pembe zote nne zimechomekwa chini, kama maiti inayosubiri waoshaji. Hicho ndicho nilichokiona kwanza. Zulia jipya walilonitandikia sikuliona, na mume wangu aliyesimama mlangoni na chupa ya soda mkononi nilimpita. Mtoto alikuwa mgongoni, begi begani, tope la Maneromango limekauka kwenye viatu. Nikauliza:

"Hii imefunikwa tangu lini?"

"Karibu kwanza, mama. Kaa. Kunywa soda."

"Nimekuuliza."

"Vumbi, bwana. Tumeikinga na vumbi."

Mtu anayeijua mashine ya kuchapa mabango hawezi kuikinga na vumbi kwa kuizima. Yangu ina urefu wa kitanda cha watu wawili, na wino wake si wa maji. Unanuka kama rangi ya kucha na unakauka kama rangi ya kucha. Unatoka kwenye chupa nne nyuma ya mashine, bluu, pinki, njano na nyeusi, unapita kwenye mirija myembamba mirefu, unatua kwenye vikopo vidogo vya plastiki tunavyoviita dampa, halafu ndipo unaingia kwenye kichwa kinachochapa. Kichwa kina matundu madogo ambayo jicho halioni. Mashine ikifanya kazi kila siku, wino unatembea. Ukiilaza, wino unaganda ndani ya mirija kama uji uliosahaulika kwenye upawa. Kwa hiyo kila asubuhi, kazi iwepo isiwepo, unaiamsha, unatikisa chupa, unachapa kipande cha testi, unatazama mistari kama imetimia. Kila asubuhi. Iwe Idi, iwe Krismasi, hata ukiwa na msiba.

Hayo yote niliyaandika kwa kalamu nene nikayabandika kwenye mfuniko wa mashine kabla sijaondoka kwenda kujifungua. Mume wangu nilimfundisha siku nne mfululizo. Alifanya mbele yangu, akapata, nikampigia makofi. Karatasi yangu niliikuta bado imebandikwa palepale, chini ya kitenge. Ilikuwa safi. Hakuna aliyeigusa.

Mimi nilimaliza kidato cha nne na cheti nisichomwonyesha mtu. Hisabati usiulize. Niliolewa, nikaja kukaa Kongowe, Kibaha, mume wangu anatoka asubuhi kwenda ofisini, mimi nabaki na masufuria. Mashine tuliipata imeshatumika sana, kwa mtu aliyefunga duka lake. Fundi kutoka Kariakoo alipokuja kuifunga kwenye chumba cha mbele, mume wangu alikuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama pale kushika tochi. Nikauliza hiki ni nini, na hiki je. Fundi akaona nina masikio, akanifundisha. Mwaka ulipoisha, watu wa pale mtaani walikuwa wakisema, nenda kwa yule dada wa mabango. Hawakusema mke wa fulani. Harusi, mahafali, vioski vya wakala, mikutano ya injili, maulidi, vyote vilipita mikononi mwangu. Bila ile mashine mimi ni mama mtoto tu, tena nakaa kwa mama mkwe. Nasema wazi ili mtu asidhani nililia kwa ajili ya chuma.

Mimba ilipofika mwisho nikarudi kwetu Maneromango, maana uzazi wa kwanza kwetu unauguzwa na mama yako. Wiki mbili kabla, siku arobaini baada. Arobaini ikatoka, mvua ikaharibu barabara ya kutokea Kisarawe, nikakaa wiki tatu nyingine nikitazama matope. Muda wote huo nilikandwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga hadi nikawa natokwa na jasho lenye harufu ya pilipili manga. Simu yangu alikaa nayo mama. Mzazi hashiki simu, alisema, maneno ya watu yanamwumiza moyo. Mume wangu akipiga, mama anatoka nayo uani kuongea, akirudi namuuliza:

"Mashine?"

"Nzima. Wote wazima, wanakusalimia. Kunywa uji."

Nami nikawa nakunywa uji.

Sasa nimesimama Kongowe, nimekivuta kitenge kile nikakitupa chini. Nikabonyeza swichi kubwa. Ilikuwa imezimwa mpaka ukutani. Mashine ikanguruma, kichwa kikakwaruza kwenda na kurudi kama mtu mwenye goti bovu. Nikaipa karatasi, nikaamuru testi. Ilipaswa kutoa ngazi nne za rangi, kila ngazi na vipande vyake vya mistari. Ilitoa karatasi nyeupe. Pembeni kulikuwa na mikwaruzo mitatu ya weusi, basi.

Ndipo mume wangu akasema, akitazama soda yake: "Kuna mtu wa spea anakuja Jumamosi. Saa sita."

Ilikuwa Jumatano.

"Umeuza mashine yangu?"

"Sijauza. Nimeongea naye tu."

"Mmeongea nini?"

"Kwamba imekufa. Achukue mota, achukue reli, tupate nafasi ya kuweka hata friji la maji baridi. Ungekaa dukani, unalea, hupati shida."

"Nani aliyepima akasema imekufa? Ilifia hospitali gani?"

"Imekaa sana, mke wangu. Vitu vikikaa vinakufa vyenyewe."

Mama mkwe akatokea jikoni akifuta mikono. Ni mtu wa bara, mpole, hapandishi sauti hata kuku akiingia chumbani. Akaniambia, "Mwanangu, punguza sauti. Una mtoto mchanga. Hasira inakausha maziwa."

"Shikamoo, mama," nikasema, maana hata salamu nilikuwa nimeisahau.

"Marahaba. Maziwa yatakauka, nakwambia."

Nikamgeukia mume wangu. Nikamwambia Jumamosi saa sita kabla huyo mtu hajatia mguu, mashine ikitoa rangi zote nne, haitoki ndani ya nyumba hii. Isipotoa, mwite na majirani wamsaidie kuibeba, sitafungua mdomo. Akacheka kidogo, cheko la mtu anayejua kitu. Wakati ule sikulielewa.

"Haya, fundi," akasema. "Umepata siku tatu."

Asubuhi yake nikaenda duka la dawa kununua mabomba ya sindano, yale makubwa, bila sindano zake.

"Ni ya kumnyweshea mtoto dawa?" dada wa duka akauliza. "Mbona makubwa hivi?"

"Mtoto mwenyewe mkubwa."

"Ana umri gani?"

"Miaka minne. Hajakojoa miezi mitatu."

Alinitazama nikaona anatafuta namba ya kupiga. Nikamwambia ni mashine. Akanipa manne na glavu za bure, akasema Mungu akusaidie, dada, wanaume hawa.

Dawa ya kusafishia nilikuwa nimeacha galoni moja uvunguni, haijafunguliwa. Nikampa mama mkwe mtoto wakae chumba cha nyuma mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mvuke wa dawa ile si wa kuvutwa na mtoto. Nikafungua madirisha yote. Kazi ni hivi. Unatoa mrija kwenye chupa ya wino, unautumbukiza kwenye chupa ya dawa. Upande wa pili, karibu na kichwa, unauchomoa kwenye dampa yake, unachomeka bomba la sindano, unavuta. Polepole. Dawa inapanda mrija mzima, inasukuma wino mzee mbele yake, mpaka siku itakapotoka safi kama chozi. Fundi wangu alinifundisha neno moja, na nilipompigia simu asubuhi ile alilirudia kabla hata ya salamu:

"Vuta, usisukume! Ukisukuma, taka zote unazipeleka kwenye kichwa. Utakuwa umekiua mwenyewe."

"Nakumbuka."

"Sema tena."

"Vuta, usisukume."

"Na dampa zote nne tupa. Nakutumia mpya na basi la mchana. Kitu gani kingine?"

"Sijui bado."

"Utajua," akasema. "Ukifika kwenye rangi iliyoumia utajua."

Nyeusi ilianza kutoka kama lami. Nilivuta bomba la kwanza mpaka kidole gumba kikatetemeka, ikaja tone moja, nzito, ina chembechembe. Nikasubiri dawa ilainishe. Nikavuta tena. Bomba la tano ikawa rangi ya kahawa, la nane chai ya rangi, la kumi na moja maji. Pinki ilifuata, ikanichafua hadi kwenye kwapa. Bluu haikusumbua, Mungu aibariki. Kila mtoto alipolia nilivua glavu, nikanawa mikono mpaka kwenye kiwiko mara tatu kwa sabuni ya mche, nikabadilisha blauzi, nikaenda nyuma kunyonyesha, nikarudi, nikavaa tena blauzi ya kazi. Mara saba siku ile. Na kila nilipomweka mtoto kifuani nilikuwa namtazama kwa hofu, nikikumbuka maneno ya mama mkwe, maana hasira niliyokuwa nayo ingetosha kuchemshia maharage.

Mume wangu alirudi kutoka kazini, akakuta mirija mitatu safi imening'inia. Akashika bomba.

"Nisaidie kusukuma? Nina nguvu."

"Gusa uone."

Akaliweka chini.

Ijumaa ndiyo ilikuwa zamu ya njano. Nikachomeka bomba, nikavuta, hakikuja kitu. Nikavuta mpaka bomba likarudi lenyewe kwa kishindo. Nikautoa mrija kwenye chupa nikaufinya kwa vidole, na kule mwanzoni nikahisi kitu laini ndani, kinateleza, hakiko kama wino mkavu. Wino mkavu unakatika kama mchanga. Nikakata kipande cha sentimita chache kwa wembe nikakikamulia kwenye sahani. Kilitoka kitu cha njano, kizito, kimegawanyika, mabonge huku na majimaji kule, kama maziwa yaliyoganda.

Nikanusa. Hakikunuka rangi ya kucha.

Wino wa mashine yangu unanuka hata ukiwa umekaa mwaka. Hiki kilikuwa hakinuki kitu. Nikaikamata chupa ya njano, nikaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa kuliko nilivyoiacha. Niliiacha robo, mimi ndiye niliyemwambia mume wangu, ikikaribia kuisha usichape kazi, fanya testi tu, nikirudi nitaagiza. Sasa ilikuwa nusu na zaidi. Nikaanza kupekua. Chini ya meza, nyuma ya mabaki ya mabango, nikaikuta chupa ndogo tupu ya wino wa njano, ile ya printa ndogo za ofisini, inayouzwa kila duka la vifaa vya shule. Wino wa maji.

Nikaenda chumba cha nyuma nikiwa na glavu zangu, chupa ile mkononi. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto, anamwimbia kwa kikwao.

"Mama. Hii nini?"

Aliitazama chupa. Akaacha kuimba.

"Alitaka kumsaidia rafiki yake," akasema. "Wa ofisini. Bango la send-off ya dada yake. Rangi ikaisha katikati, akatoka mbio kwenda kununua. Akasema wino ni wino. Nusu ya bango ikatoka vizuri, halafu bibi harusi akageuka kijani."

"Lini?"

"Ulikuwa umejifungua siku ya kumi, sijui kumi na moja."

"Siku ya kumi na moja! Mkakaa kimya miezi yote hii?"

"Alitaka kukwambia siku ileile, mwanangu. Alikupigia simu, mimi nikiwa nimekaa hapahapa nasikia. Mamako ndiye aliyekataza."

"Mama yangu?"

"Alisema mzazi haambiwi habari mbaya. Moyo ukishtuka maziwa yanapanda juu, hayarudi. Alisema subirini atoke arobaini. Na mimi," akashusha macho kwa mtoto, "mimi nilisema ni kweli. Hata kwetu ni hivyo. Nikachukua kitenge changu nikaifunika, isiwe inamtazama mumeo."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nataka ieleweke ni nini kilichonichoma. Wino wa maji ukiingia kwenye wino wa dawa, siku ya kwanza bado ni tope jepesi. Ningekuwa kwenye simu ningemwambia: zima, toa chupa, tumbukiza mrija kwenye dawa, vuta mabomba mawili, lala. Saa moja ya kazi. Angeweza kuifanya hata na tai shingoni. Badala yake waliiacha ikagande, wakazima umeme, na kwa kuwa njano imeharibika wakaziacha na zile tatu nzima zikauke pamoja nayo. Watu watatu wazima, wananipenda, walikaa wakalinda maziwa yangu yasikauke, wakaacha wino wangu ukauke. Na mimi kule Maneromango nakunywa uji, nauliza kila jioni, nadanganywa kila jioni.

Nikampigia mama.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Mama, ulijua mashine imeharibika."

Nikasikia kuku wake.

"Nilijua," akasema.

"Nilikuuliza kila siku. Ukaniambia nzima."

"Ulikuwa kitandani na damu changa. Ulitaka nikwambie nini? Bibi yako alimficha shangazi yako hata msiba wa mumewe mpaka arobaini ikatoka."

"Kwa hiyo shangazi hakumzika mumewe."

"Alinyonyesha," mama akasema. "Mtoto yule ndiye leo anamjengea nyumba."

"Mama, mashine si mume. Mashine inapona ukimwambia mtu mapema!"

"Sasa usinipigie kelele, mimi najua mambo ya mashine? Niliambiwa imeharibika. Kitu kikiharibika kimeharibika. Mtoto nilimwona anaweza kuharibika, nikamchagua mtoto."

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mama simu maishani mwangu. Glavu zilikuwa na njano, na simu sasa nayo. Na hasira ile haikuwa na pa kwenda, kwa sababu safari hii hakusema uongo. Alinichagulia, basi. Wote walinichagulia. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba ile mashine ni yangu, na habari yake, mbaya au nzuri, ni yangu pia.

Mume wangu aliporudi nilikuwa nimeiweka ile chupa tupu juu ya sahani yake ya chakula, na mfuniko juu. Akafunua. Akaketi.

"Nilitaka kukwambia."

"Ukauza."

"Nilidhani ukifika ukute imeshaondoka utalia mara moja, yaishe. Kuliko kuikuta."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Shuleni ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ulidhani ni methali ya nani? Ya watu wa kijiji?"

Aliifunika tena ile chupa, akasema kwa sauti ndogo, "Rangi zilifanana kabisa. Nilizishika zote mbili kwenye mwanga. Zilifanana."

Hapo karibu nimhurumie, nikajizuia.

Fundi nilikuwa nimeshamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaacha. Akasema mrija wenye wino wa maji usiuoshe, utapoteza wiki. Ung'oe, weka mpya. Kwa bahati kwenye mzigo wa dampa alikuwa ametia mrija wa akiba, aliona shida inakuja. Mama mkwe, kwa kujutia, alikuwa tayari amependekeza mrija wa dripu kutoka dispensari. Nikamshukuru, nikamwambia dawa yetu ingeuyeyusha.

Tatizo la mrija ni kwamba unapita ndani ya mnyororo wa plastiki unaokunjuka na kukunjika kila kichwa kinapotembea. Ukiufungua mnyororo wote, siku imekwisha. Lakini mimi nilishawahi kupitisha mpira kiunoni mwa sketi. Unafunga mpira mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, unavuta wa zamani, mpya unaingia wenyewe. Nikaunganisha mirija miwili kwa kijiti cha ndani na uzi wa kushonea. Ila kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja avute huku, mwingine alishe kule, na mtu mwingine ndani ya nyumba alikuwa yuleyule.

"Simama pale," nikamwambia mume wangu. "Nikisema vuta, vuta. Nikisema acha, acha. Usifikiri."

"Sawa."

"Vuta."

"Hivi?"

"Unavuta ng'ombe? Polepole!"

"Imekwama."

"Acha. Rudisha kidogo. Sasa vuta."

Tulivuta ule mrija hatua kwa hatua, yeye jasho linamtoka ndani ya shati la ofisini, mimi nampigia amri kama nahodha. Ncha mpya ilipojitokeza upande wake akataka kushangilia. Nikamtazama, akaacha.

Kichwa chenyewe nilikilaza juu ya kitanda chake, kile kisahani kinapopumzikia, kilichojaa dawa mpaka asubuhi. Jumamosi nikachomeka bomba la sindano kwenye mrija wa kutolea uchafu, chini ya kisahani kile, nikavuta kutokea chini ili kilichobaki kwenye matundu ya njano kishuke na kisirudi juu. Yalitoka mabonge mawili kama punje za mchele. Kisha majimaji. Nikafunga dampa mpya nne, nikarudisha chupa tatu, na ya njano nikafungua mpya, aliyoitia fundi kwenye mzigo uleule. Nikatikisa. Nikawasha.

Testi ya kwanza: nyeusi imetimia, bluu imetimia, pinki ina mapengo kumi hivi. Njano hakuna hata mstari.

Saa nne na nusu.

Nikaisafisha tena, nikasubiri. Testi ya pili, pinki imetimia. Njano hakuna. Mama mkwe amesimama kwenye mlango wa ndani na mtoto. Nikanawa, nikanyonyesha nimesimama nje barazani, nikarudi. Testi ya tano, mistari sita ya njano ikatokea, miembamba. Nikavuta kutokea chini mara ya mwisho, taratibu kabisa, nahesabu pumzi. Testi ya sita ngazi ya njano ikasimama, ina mapengo manne.

Gari likapiga honi nje.

Mtu wa spea aliingia na vijana wake wawili na kamba. Ni mtu mzima, mcheshi, kofia imeinamia jicho moja.

"Hodi wenye nyumba. Marehemu yuko wapi?"

Nikampa karatasi ya testi, bado mbichi, ikamchafua kidole.

Aliitazama, akaivuta karibu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Sista, mimi niliambiwa mzoga."

"Uliambiwa na nani?"

Akamwonyesha mume wangu kwa kidevu. Mume wangu akatazama kamba.

"Njano ina mapengo," mtu yule akasema, kitaalamu.

"Manne. Nayaona."

"Hayo hayatafunguka. Niuzie ikiwa hai basi, nakuongezea."

"Kaka, umekuja kuzika. Mwenyewe kaamka. Nenda nyumbani."

Alicheka mpaka vijana wake wakacheka. Akamwambia mume wangu, "Mzee, hapa umeoa fundi, mimi sina kazi," akakunja kamba yake akaondoka. Mume wangu akataka kunishika bega. Nikamwambia asinishike, nina dawa mikononi. Ilikuwa kweli, lakini hata ningekuwa nimenawa ningesema vilevile.

Yale mapengo manne hayajafunguka mpaka leo. Wateja hawayaoni. Mimi nayaona kwenye kila jua, kila ua la alizeti, kila gauni la njano la bibi harusi: uzi mweupe mwembamba unaopita. Na kila nikiuona inanirudia, hata wakati nacheka na mteja.

Mume wangu sasa ndiye anayefanya testi ya asubuhi kabla ya kwenda kazini, mimi nikiwa nanyonyesha. Sheria yangu ni moja. Anasimama mlangoni na karatasi, ananisomea ubaya kwanza. Siku za mwanzo alianza na "ziko vizuri, ila". Nikamrudisha aanze upya.

Mama alipiga wiki iliyofuata. Niliacha iite, ikakata, akapiga tena.

"Habari za huko?"

Kwetu hata nyumba ikiwaka unajibu nzuri kwanza, moto unautaja baadaye. Nikamjibu, "Mbaya. Mtoto ana mafua. Njano ina mapengo manne hayatafunguka. Mume wangu nimesema naye leo maneno matatu. Na wewe bado nina hasira nawe."

Akayapima hayo yote, moja moja.

"Na maziwa?" akauliza.

Mtoto alikuwa kifuani, amelewa, shingo imelegea, yanamtoka pembeni mwa mdomo kwa kushiba. Wiki nzima ile nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba na hayakupungua hata tone.

"Yapo, mama," nikasema. "Yalikuwepo siku zote."